Kudurusu kwa mtihani wa kidato cha nne: funga daftari, anza kujitahini

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukaa mezani kwa saa nne kila usiku, akapitia daftari la Biolojia mara tatu, akapaka rangi kila mstari aliouona wa maana, na bado Novemba akaliangalia swali akashindwa kuandika hata sentensi mbili. Si mvivu huyo, wala kichwa chake si kizito. Kazi aliyoifanya siyo iliyohitajika. Ukisoma tena maneno uliyokwisha kuyaona, macho yanayatambua na moyo unatulia, unajiona unayajua. Mtihani haukuulizi kama unayatambua. Unakupa karatasi tupu na kukutaka uyatoe kichwani.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu cha habari kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu vilivyobaki likafunika kifungu na kuandika kila lililokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojitahini walikumbuka asilimia 61, waliosoma tu asilimia 40. Ndiyo maana kusoma usiku wa kuamkia jaribio la darasani huonekana kunafaa, na njia hiyo hiyo ikamwangusha mtu kwenye mtihani wa taifa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtahiniwa wa kidato cha nne Tanzania, anayefanya mtihani wa Baraza la Mitihani, NECTA. Wa kidato cha pili, cha sita, au wa KCSE nchini Kenya anaweza kuufuata pia, ila hesabu za maksi na muundo wa karatasi atafute za kwake.

Anza na hesabu ya maksi

Kabla ya kupanga ratiba, jua unapigania nini. Gredi za kidato cha nne zimepangwa hivi: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Hujumlishwa pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne.

Chukua matokeo yako ya mtihani wa utamilifu, ile mock ya mkoa au wilaya. Mbele ya kila somo andika maksi zinazokosekana kufika gredi inayofuata. Tuseme Jiografia una 41, Historia 66, Hisabati 22. Jiografia inahitaji maksi 4 iwe C, Hisabati maksi 8 iwe D, Historia maksi 9 iwe A. Kila moja ya hatua hizo inakupunguzia pointi moja ile ile, lakini bei zake hazilingani. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: hurudi kila siku kwenye somo wanalolipenda, ambalo limekwisha kuwapa karibu kila linachoweza kuwapa, na somo lililobakiza maksi nne linakaa kabatini.

Kuna jambo moja la kuzingatia hapo. Kama unataka tahasusi fulani kidato cha tano, masomo yake matatu yana uzito kuliko hesabu ya pointi. Anayetaka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, asijifariji kwa A ya Kiswahili huku Fizikia ikiwa D.

Orodha ya mada, na jaribio la karatasi tupu

Pata muhtasari wa kila somo, au tumia yaliyomo ya vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo vinapatikana pia bure katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Orodhesha mada zote za kidato cha kwanza hadi cha nne. Usiishie kidato cha nne: maswali hutoka kote, na mada za kidato cha kwanza na cha pili ndizo zilizosahaulika zaidi.

Kisha, kwa kila mada, chukua karatasi tupu na dakika 10. Andika maana ya maneno makuu, kanuni, mchoro, hoja, kila kinachokuja. Fungua kitabu, linganisha. Mada ikitoka karibu yote, weka alama ya vema. Ikitoka nusu, weka duara. Ikitoka mistari miwili, weka mkasi, yaani alama ya X. Usijipe vema kwa sababu mwalimu aliifundisha vizuri au kwa sababu daftari lako ni safi. Kazi hii huchukua kama wiki mbili ukifanya mada nne au tano kwa siku, na wengi huiona ni kupoteza muda. Lakini asiyeifanya hugawa muda kwa kukisia, na anakisia vibaya.

Ukianza mwanzoni mwa Agosti unabakiwa na wiki 12 au 13. Ratiba inayokaa ni hii: Jumatatu hadi Ijumaa, vipindi viwili au vitatu vya dakika 50 kila jioni au alfajiri, masomo tofauti, Jumamosi karatasi moja nzima ya mtihani uliopita, Jumapili kuisahihisha, kisha nusu siku ya kupumzika kweli. Miduara itangulie, mikasi ifuate, kwa sababu mada unayoijua nusu hurudisha maksi haraka. Kila wiki acha kipindi kimoja wazi cha kufidia. Ratiba iliyojazwa hadi pembeni huvunjika umeme unapokatika au kukiwa na msiba, na ikishavunjika mara mbili mtu huitupa.

Kipindi cha dakika 50 kinavyokwenda

Dakika 5 za kwanza, kabla ya kufungua chochote, andika unachokumbuka kutoka kipindi kilichopita cha somo hilo. Dakika 15 zinazofuata soma kipande kidogo, kurasa tatu hadi tano, ukiwa unatafuta majibu ya maswali uliyojiandikia juu ya karatasi. Maswali hayo yatoe kwenye vichwa vya habari: kichwa kikisema «Usafirishaji katika mimea», andika «Maji hupandaje kutoka mzizini hadi kwenye jani? Nguvu zipi?» Funga kitabu. Dakika 15 jibu kwa maandishi. Dakika 10 sahihisha kwa kalamu nyekundu ukiwa umefungua kitabu. Dakika 5 za mwisho, makosa yahamishie kwenye daftari la makosa au kwenye kadi. Simama, kunywa maji, pumzika dakika 10 bila simu.

Sehemu inayoumiza ni zile dakika 15 za kujibu, na ndizo zinazojenga kumbukumbu. Jibu lisipokuja, usikimbilie kufungua. Kaa nalo dakika moja au mbili, andika hata nusu yake. Jibu ulilohangaika kulitafuta ukalikosa, kisha ukaliona, hushika kuliko lile ulilolisoma bila kulitafuta.

Kunakili ndiko kunakoharibu kipindi hiki. Wapo wanaotumia dakika 40 kuandika upya noti kwa mwandiko mzuri, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Mkono unachoka, kichwa hakijafanya kazi. Kama noti zako hazisomeki, tumia za kitabu.

Kadi, na siku za kurudi

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa miaka na kutoa matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo marudio ya kwanza yawe mapema na yanayofuata yaachane zaidi: siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 16, ya 35. Jumla ya muda ni mdogo kuliko kukaa na mada moja wiki nzima, na mada inakuwa hai hadi Novemba. «Wiki ya Biolojia» ikifuatiwa na «wiki ya Kemia» ni mpango mbaya: Biolojia ya Agosti itakuwa imekwisha kuyeyuka.

Njia rahisi ya kutunza siku hizo ni kadi. Nunua karatasi ya manila, ikate vipande vya sentimita 7 kwa 10. Mbele swali, nyuma jibu. Panga maboksi manne, hata ya viatu, au bahasha nne. Kadi mpya zote huanza boksi la kwanza. Ukijibu sawa, inapanda boksi moja. Ukikosea, inarudi la kwanza hata kama ilikuwa la nne. Boksi la kwanza lipitie kila siku, la pili kila siku ya tatu, la tatu kila wiki, la nne kila wiki mbili. Mpangilio huu ulienezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972.

Kadi zina adabu zake. Swali moja kwa kadi moja. Kadi yenye mistari kumi na miwili ni daftari lililokatwa, haitakusaidia. Kwa maana ya istilahi, andika idadi ya sehemu zinazotakiwa. Mfano, osmosisi: sehemu tatu. Nyuma: molekuli za maji husogea, kutoka kwenye maji mengi kwenda kwenye maji machache, kupitia utando unaopitisha baadhi ya vitu tu. Mtu akisahau utando, kadi imekosewa, irudi boksi la kwanza, kwa sababu msahihishaji naye hatampa maksi zote. Tamka au andika jibu kabla ya kugeuza. Kugeuza na kusema «ah, nilijua» ni kule kule kutambua. Usiongeze zaidi ya kadi 10 mpya kwa siku, maana baada ya wiki mbili kadi za marudio zitakuwa nyingi kuliko muda ulio nao, na utaacha zote.

Kadi zinafaa kwa maana, kanuni, tarehe, alama za elementi, istilahi. Hazifai kwa insha wala kwa kukokotoa.

Hisabati na kukokotoa: changanya

Kufanya maswali 20 ya logarithimu mfululizo kunafurahisha, kwa sababu baada ya la tatu hufikirii tena njia gani itumike. Mtihani hautakuambia kwamba swali hili ni la logarithimu na lile ni la seti. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walilinganisha wanafunzi waliofanya mazoezi ya aina moja moja na waliochanganya. Wakati wa mazoezi, waliopanga aina moja moja walipata asilimia 89, waliochanganya 60. Wiki moja baadaye, kwenye jaribio, waliopanga walipata asilimia 20, waliochanganya 63.

Kwa hiyo, ukishaielewa mada kwa maswali manne au matano, acha. Kuanzia hapo kila zoezi liwe na maswali nane kutoka mada nane. Chukua karatasi, andika namba za maswali kutoka sura mbalimbali, zikunje, chota. Utakosea zaidi mwanzoni. Usirudi nyuma kwa sababu hiyo.

Kwenye Kemia na Fizikia, andika kila hatua kana kwamba kila hatua ina maksi, kwa kuwa mara nyingi ndivyo ilivyo. Swali: gramu 10 za CaCO₃ zimepashwa joto hadi zikavunjika zote; ujazo wa CO₂ kwa STP ni kiasi gani? Kwanza mlinganyo: CaCO₃ → CaO + CO₂. Pili masi ya moli: 40 + 12 + (3 × 16) = 100. Tatu moli: 10 ÷ 100 = 0.1. Nne uwiano: moli 1 hutoa moli 1. Tano: 0.1 × 22.4 = 2.24 dm³. Aliyesahau kuzidisha oksijeni kwa 3 atapata masi ya 68 na jibu la karibu 3.29. Akiwa ameonyesha hatua, msahihishaji anaona kosa liko wapi na anaweza kumpa maksi za njia. Akiwa ameandika 3.29 peke yake, bila hata kizio, hakuna cha kumpa.

Kuelewa kwa Kiswahili, kujibu kwa Kiingereza

Hili halizungumzwi vya kutosha, na linagharimu maksi nyingi kuliko uvivu. Isipokuwa Kiswahili na masomo machache, karatasi za sekondari Tanzania huja kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaielewa mada, anaweza kumweleza mdogo wake vizuri kabisa, kisha anashindwa kuiandika. Anayekariri aya nzima za Kiingereza bila kuzielewa naye anaanguka swali likigeuzwa kidogo.

Fanya hatua mbili kwa kila mada. Kwanza ieleze kwa sauti kwa Kiswahili, bila kuangalia, mpaka isiwe na mahali unaposema «halafu inakuwa hivyo tu». Pale unapokwama ndipo usipoelewa. Pili iandike kwa Kiingereza kwa sentensi fupi, wazo moja kwa sentensi. Sentensi fupi yenye kosa dogo la sarufi inasomeka, lakini sentensi ya mistari minne hupotea njiani na maana yake. Weka daftari la istilahi lenye safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili chako, sentensi moja ya mfano. Andika maneno matano kwa siku na uyafanyie kadi. Tahajia uiandike kwa mkono, usiishie kuitazama.

Maneno ya amri kwenye maswali yajue kama unavyojua jina lako. «Define» inataka maana kamili yenye sehemu zake zote. «Outline», «list» na «mention» zinataka hoja fupi bila maelezo marefu, na ukieleza ukurasa mzima unapoteza muda usiolipwa. «Explain» na «describe» zinataka hoja pamoja na kwa nini au namna gani. «Differentiate» ndilo linaloangusha wengi. Tofauti lazima ilinganishe sifa ile ile kwa pande mbili: ateri ina ukuta mnene wenye misuli mingi, vena ina ukuta mwembamba wenye misuli michache. Mtu akiandika kwamba ateri ina ukuta mnene na vena ina vali, ametaja mambo mawili ya kweli ambayo hayalinganishwi. Chora jedwali la safu mbili na mstari kwa kila sifa, na kosa hilo halitatokea.

Kwa maswali ya insha ya Historia, Uraia, Jiografia na Kiswahili, neno moja si hoja. Swali la sababu za vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907: aliyeandika «kilimo cha pamba» ametaja tu. Hoja iliyokamilika inasema wakulima wa kusini walilazimishwa na Wajerumani kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo kiduchu. Inaeleza kwamba kazi hiyo iliwatoa kwenye mashamba yao ya chakula. Na inatoa mfano, Wamatumbi kung'oa pamba kule Nandete Julai 1905. Kutaja, kueleza, mfano. Jizoeze kwa kuandika hoja moja moja kwa dakika 4, huna haja ya kuandika insha nzima kila siku.

Katika fasihi ya Kiswahili, tengeneza jedwali: dhamira zikishuka pembeni, vitabu vyako teule juu, na kila kisanduku kiwe na mhusika na tukio. Mwanafunzi anayeandika «mwandishi ameonyesha rushwa» bila kusema nani alimhonga nani na wapi, hajathibitisha kwamba amekisoma kitabu. Kujaza jedwali hili kwa kukumbuka, kisha kufungua kitabu kukagua, ni kazi ya jioni mbili kwa kila kitabu.

Mitihani iliyopita

Tafuta mitihani ya miaka mitano hadi saba iliyopita. Tovuti ya NECTA inayo, bure. Pamoja nayo, Baraza hutoa kwa kila somo taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hiyo ni hazina ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuifungua. Swali kwa swali inaonyesha watahiniwa walifanyaje, walikosea wapi na kwa nini, na huweka mifano ya majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Soma uchambuzi wa swali baada ya kulijibu wewe mwenyewe, kamwe usiutangulize.

Karatasi nyingi za nadharia za miaka ya karibuni zina maswali 11 kwa saa 3: sehemu A maksi 16, sehemu B maswali sita ya maksi 9 yaani 54, sehemu C maswali mawili ya maksi 15 yaani 30. Hakikisha muundo wa karatasi ya mwisho ya somo lako, kwa kuwa hubadilishwa. Mgao wa muda unaofaa: sehemu A dakika 20, sehemu B dakika 15 kwa kila swali, sehemu C dakika 25 kwa kila swali. Zinabaki dakika 20 za kusoma maswali na kukagua. Hisabati ina maswali 14: kumi ya maksi 6, dakika 10 kila moja, manne ya maksi 10, dakika 16 kila moja. Zinabaki 16.

Wiki za mwanzo fanya sehemu moja moja. Kuanzia Septemba fanya karatasi nzima, saa 3, mezani, simu ikiwa chumba kingine, bila kusimama. Mkono wenyewe unahitaji mazoezi ya kuandika saa 3. Kisha sahihisha kwa ukali. Jibu la karibu-karibu lipe sifuri, kwa sababu wewe unajua ulichotaka kusema, msahihishaji anaona ulichoandika.

Sasa kila kosa lipangie aina yake kwenye daftari la makosa. Kama hukulijua kabisa, mada irudi kwenye ratiba. Kama ulilijua ukalisahau, lifanyie kadi. Kama ulielewa swali vibaya, nakili swali lenyewe, pigia mstari neno la amri, na uandike lilitaka nini. Kama ni uzembe, kizio kuachwa au alama ya kutoa kupotea, andika aina ya uzembe huo. Baada ya karatasi nne utaona ni ule ule mara tatu, na hiyo ndiyo orodha yako ya kukagua mwishoni. Wasiotenganisha aina hizi hutibu kila kosa kwa kusoma tena sura nzima.

Mambo mawili yaepuke. La kwanza ni pasti pepa zenye majibu zilizofunguliwa pembeni: kufuata hatua za mwingine ni rahisi na hakukufundishi kuanza mwenyewe. La pili ni kubashiri, «mwaka jana ilitoka ekolojia, mwaka huu haitoki». Na karatasi «iliyovuja» inayouzwa Telegram iache ilipo. Nyingi ni utapeli, na anayebainika kufanya udanganyifu hufutiwa matokeo.

Karatasi za vitendo

Hizi haziwezi kusomwa kitandani. Kama maabara ya shule ni finyu, omba muda wa ziada mapema, Agosti, kabla foleni haijawa ndefu. Katika titresheni, soma bureti kwa desimali mbili, andika usomaji wa mwanzo na wa mwisho kwenye jedwali, na wastani uchukue wa majaribio yanayokaribiana tu. Lile la kwanza la kukisia usilijumlishe. Kwenye grafu ya Fizikia, maksi hupotea kwa vitu vidogo: kichwa cha grafu, majina na vizio vya mihimili, skeli isiyojaza karatasi, mstari uliounganisha nukta moja moja badala ya kupita katikati yao. Pembetatu ya mteremko iwe kubwa, angalau nusu ya mstari. Kuchora grafu hakuhitaji maabara. Chukua data za mitihani iliyopita na uchore mbili kila wiki.

Kikundi, usingizi, simu

Diskasheni ya watu kumi ni mkutano. Watatu au wanne wanatosha. Kila mmoja aje na maswali matano aliyoyajibu na moja lililomshinda, na anayeeleza asimame ubaoni bila daftari. Anayekuja kusikiliza tu haruhusiwi kurudi.

Kukesha ni hasara. Usingizi ndio wakati ubongo unapoimarisha ulichojifunza mchana, na kijana wa umri huu anahitaji saa 8 au zaidi. Shule nyingi za bweni zina prepo ya usiku na nyingine ya alfajiri. Usiongeze ya tatu chini ya blanketi kwa tochi. Wa kutwa mwenye kazi za nyumbani jioni alale mapema, aamke saa kumi alfajiri, apate vipindi viwili kabla ya shule. Mzazi anayesoma hapa anaweza kusaidia kwa jambo moja kubwa kuliko fedha ya tuisheni: saa mbili za jioni zisizokatizwa.

Simu iwe imezimwa na iwe chumba kingine. Ikiwa kifudifudi mezani bado inavuta mawazo.

Wiki ya mwisho na chumba cha mtihani

Wiki ya mwisho usianze mada mpya kubwa. Pitia boksi la kwanza na daftari la makosa, jibu maswali ya sehemu B kwa dakika 15 kila moja, lala kwa saa zako za kawaida. Jioni ya kuamkia karatasi, dakika 60 hadi 90 zinatosha. Andaa kalamu mbili, penseli, rula, mkebe wa hesabu, na uhakikishe vifaa vinavyoruhusiwa kwa somo hilo.

Ndani ya chumba, tumia dakika 5 kusoma karatasi nzima na kuchagua maswali ya sehemu C. Chagua lile ambalo unaweza kutaja hoja zake zote sasa hivi. Lile linalosikika zuri liache. Kwenye makaratasi ya majibu, ukishaanza, orodhesha hoja hizo kwa penseli kabla hazijakimbia. Swali likikwama dakika 3, acha nafasi, songa mbele. Usiache swali la kuchagua jibu likiwa wazi. Dakika za mwisho pitia orodha yako ya uzembe: vizio, alama za kutoa, vichwa vya grafu, namba za maswali, na namba yako ya mtihani kwenye kila karatasi.

Ukitoka, usisimame na kundi linalolinganisha majibu. Karatasi ile imekwisha kukusanywa. Kula, pumzika saa moja, kisha fungua daftari la makosa la somo la kesho.